Karantini ya Omena

Wahenga walituachia msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyebisha hodi nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020 hakuja kumponya yeyote. Siku hiyo Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na kabla ya juma moja kwisha sisi wanafunzi wa vyuo vikuu tulikuwa tumeamrishwa kufunga virago. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa masomo yangu ya Kiswahili. Nilitia nguo na vitabu vitatu ndani ya mkoba, nikaabiri matatu mjini Kisumu, nikapitia Ahero na Katito hadi kwetu Nyakach, kwenye ufuo mdogo ambao nitauacha bila jina. Mengi ninayoyasimulia humu ni ya mama yangu, naye amenipa ruhusa ya kuyasema, lakini si ya kumwonyesha kwa kidole.

Katika kijiji kama chetu, msomi hana likizo. Mwanzoni mwa Aprili naibu wa chifu alifika ufuoni pamoja na wahudumu wa afya wa jamii. Walikuwa na bango la maagizo lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa, nami nikaitwa nilisome na kulifafanua kwa Dholuo. Wanawake wapatao kumi na watano walikuwa wameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, kando ya nyavu kuukuu walizozoea kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Sitaficha kwamba nilijiona. Nilisimama mfano wa mhadhiri. Nilieleza kwa mapana neno barakoa, ambalo wakati huo lilikuwa bado geni masikioni mwa wengi wetu, hata bibi mmoja akanikatiza kuuliza iwapo Kiswahili kilikuwa kimeishiwa na neno kitambaa. Kisha nikaendelea kusoma: nawa mikono kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Kaa nyumbani. Epuka mikusanyiko.

Mama akainua mkono kama mtoto wa shule. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "hayo maji yanayotiririka yako wapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao, ila swali lilikuwa swali. Nyuma yake palikuwa na ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, ilhali sisi tulikuwa tukinunua maji ya kunywa kwa mtungi. Kila aliyelelewa ufuoni anakijua kichocho. Konokono wanaoishi kwenye majani ya kingoni hutoa vimelea ambavyo hupenya katika ngozi ya mtu akiingia majini kuchota, kuoga au kufua. Kipindupindu nacho ni mgeni aliyezoea njia ya kwetu, huondoka akarudi. Kwa hiyo agizo la kunawa lilimtaka mama ama achote maji yenye madhara yake, ama agawanye fedha za unga baina ya maji na sabuni. Tuliishia kutundika dumu la plastiki lililotobolewa tundu, likafungwa kamba na kijiti cha kukanyagia, tukawa tunalijaza maji yaliyochemshwa. Lilifanya kazi vizuri, na wahudumu wale wa afya, ambao hawakuwa na mshahara wa maana, ndio waliotufundisha kulitengeneza. Haki yao niwape.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilihesabu vitenzi vya bango lile, maana hulka ya mwanafunzi wa sarufi haina mapumziko. Vilikuwa kumi na kimoja, vyote vya kuamrisha. Hapakuwa na kimoja kilichouliza.

Agizo la kukaa nyumbani, kwetu, halikudumu miezi miwili. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilikuwa hazijatosheka. Mto Nyando na Mto Sondu-Miriu ilifura, na ziwa likapanda hadi, katikati ya Mei 2020, kipimo cha Jinja kikaonyesha mita 13.42, na kuipita rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964. Takwimu hizo nilizisoma baadaye. Kipimo changu mimi kilikuwa kizingiti cha nyumba yetu. Jumatatu maji yalikuwa kwenye shina la mwembe, Jumatano yakalowesha kizingiti, na usiku wa Ijumaa masufuria yakaanza kuelea jikoni. Redio ya jirani ilikuwa ingali ikitukumbusha kwa sauti nyororo kwamba mahali salama ni nyumbani.

Tulihamia katika darasa la shule ya msingi, lililokuwa tupu kwa sababu ya korona hiyo hiyo. Tulikuwa familia saba chumba kimoja. Tulilala tumepangana kama omena juani, watoto katikati, na mtu mmoja akikohoa usiku chumba kizima kilishusha pumzi kikasikiliza.

Usiku ule wa kuhama kila mtu alishika alichokithamini. Mimi nilishika vitabu vyangu vitatu. Mama alishika kopo la kakao lenye kifuniko cha bati, akaliweka juu kabisa ya karai la nguo, akajitwika karai kichwani na kutembea ndani ya maji yaliyomfika mapajani bila kulitikisa. Nilijua kilichokuwamo. Baba alifariki mwaka 2006 nikiwa na umri wa miaka sita, na tangu utotoni nimemwona mama akimeza vidonge saa tatu usiku, mgongo wake ukiwa umenielekea. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Tulikuwa na maneno yake ya kando: ugonjwa ule, dawa zile, kule kliniki.

Ni ajabu, ukifikiri. Korona ilitajwa na kila kinywa. Watoto waliifanyia mchezo, vijana wakaitungia mzaha, na mlevi mmoja wa kwetu alimbandika mbwa wake jina hilo. Ukimwi, ambao ulitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984 na umetuzika kizazi kizima ufuoni, ulikaa miaka mingi bila kutajwa mchana. Wazee walisema ni chira, laana ya kukiuka miiko. Wengine waliuita ayaki na kushusha sauti. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 4.9 ya watu wazima nchini walikuwa na virusi hivyo, lakini katika Kaunti ya Kisumu ilikuwa asilimia 17.5 na katika Homa Bay 19.6. Hii ina maana kwamba korona haikuingia katika nyumba tupu. Ilimkuta mwenyeji mwingine amekaa miongo mitatu na ushei, na waliokuwa wamejifunza kuishi naye walikuwa na ujuzi ambao hakuna aliyewauliza.

Mle darasani, wenye ujuzi huo walijitambua. Siku ya tatu saa tatu usiku, mama alifungua kopo lake kama kawaida, mgongo ukitugeukia. Kabla hajameza, mwanamke wa familia ya tatu kutoka dirishani alifungua fundo la leso yake. Kisha mwanamume mmoja mzima, mvuvi mwenye mabega kama lango, akatoa kichupa mfukoni. Wakatazamana. Bibi aliyeniuliza habari ya kitambaa akasema, "Haya, wenzangu, maji ya kunywa ni haya hapa, tusisumbuane gizani." Wakanywea kikombe kimoja, jambo ambalo bango langu lisingaliliruhusu. Kwa bahati njema kliniki zilikuwa zimeanza kuwapa wagonjwa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo mmoja ili kupunguza msongamano, na kwa sababu hiyo mafuriko yalimkuta mama akiwa na akiba. Mwenye leso alikuwa amepoteza sehemu ya zake majini. Mama alimhesabia vidonge kumi na vinne vya aina moja na vyake, mpaka barabara ya kwenda kliniki ikapitika.

Ni katika darasa lile nilipousikia kwa mara ya kwanza mjadala ambao umenifanya niandike makala haya. Kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa katika upande wetu wa ziwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Basi jioni moja vijana walikuwa wakilalamikia kafyu na kufungwa kwa shule, mama akasema, "Kwani hamjapata kuona karantini? Omena huwekwa karantini kila mwaka."

Wakacheka, akaendelea. Alisema kuwa kila mtu ufuoni anajua kwamba ziwa lisipopumzishwa hatutakuwa na kitu cha kuanika mwaka ujao. Hakuna mpumbavu asiyelijua hilo. Hata hivyo kila mwaka kuna wanaotoka usiku kwa siri katika miezi hiyo minne, wakamatwe nyavu zao zichomwe, na mwaka unaofuata wanatoka tena. "Unafikiri hawakusoma bango?" akaniuliza. "Anayeweza kungoja miezi minne ni mwenye akiba ya miezi minne. Asiye na akiba humwambii ngoja. Unamwambia kufa polepole."

Nimesoma mengi tangu hapo juu ya uendelevu, neno ambalo wanazuoni wetu wamelitia katika mada za makongamano hadi likachujuka, na mengi pia juu ya afya ya jamii. Sijapata mahali palipounganisha mambo hayo mawili kwa ufupi kama alivyoyaunganisha mama akiwa ameegemea dawati la darasa la nne. Kulinda samaki na kulinda pafu ni swali moja kwetu: nani ana uwezo wa kungoja? Katika mji wa Kisumu wapo waliongoja. Walikuwa na mishahara na mabomba ya maji uani. Mwuza mboga aliyezoea kulala Kibuye alfajiri hakuwa miongoni mwao.

Mama naye aliwahi kuwa mtu wa kungoja, na sharti nieleze jinsi alivyoufikia uwezo huo na jinsi alivyoupoteza. Katika fuo zetu, wanaume huvua na wanawake huuza. Samaki walipoanza kupungua na wanunuzi kuongezeka, ulizuka utaratibu uitwao jaboya: mvuvi humwuzia samaki mwanamke aliye tayari kulala naye, na asiyekubali hurudi na karai tupu. Wataalamu wameuandikia sana kama njia ya kuenea kwa ukimwi. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, katika kaunti yetu hii ya Kisumu, waliunda kikundi kilichopata kujulikana kwa jina la Kiingereza No Sex for Fish, wakapata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie. Mwenye mashua haombi samaki. Habari hizo zilitufikia Nyakach, na mwaka 2015 mama na wenzake watano, kwa fedha za chama walizochanga miaka miwili, walinunua mashua moja iliyotumika. Ilivuja kidogo upande wa nyuma. Kwa mashua hiyo nilimaliza shule ya upili na kuingia chuo kikuu, na kwa mashua hiyo mama aliweza kukaa Aprili hadi Julai akiungoja mwezi wa Agosti kama mtu mwingine yeyote mwenye heshima zake.

Mafuriko ya 2020 yaliikokota mashua hiyo kutoka ilipopinduliwa, yakaibamiza kwenye mafunjo, kisha rundo la gugumaji likaifunika. Tulipoipata ilikuwa mbavu tupu. Huko Nduru nako maji yaliwafukuza watu makwao, na kazi ya miaka tisa ikalowa.

Agosti ilipofika na uvuvi kufunguliwa, kafyu ilikuwa ya saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, kwa hiyo wavuvi walitoka mapema na kurejea kukipambazuka, wakihofia kukutana na askari kingoni. Mashua zilikuwa chache, nyingi zikiwa zimeharibika, na wanunuzi walikuwa wengi kuliko wakati wowote, kwani hata waliopoteza vibarua mjini walikuwa wamerudi nyumbani kutafuta riziki. Msomaji ataona mwenyewe jinsi mizani ilivyoelemea. Siku tatu mfululizo nilimwona mama akirudi na karai tupu. Siku ya nne alirudi limejaa.

Sikusema neno. Nilianika omena wale pamoja naye, nikiwatawanya kwa vidole, na kila nilipoinua macho nilimkuta akinitazama. Mwishowe akasema, "Uliza."

Nilinyamaza.

"Nimeuza mabati," akasema. Alimaanisha mabati kumi na mawili aliyokuwa amenunua ili atujengee nyumba mbali na maji. Alikuwa amemlipa mwenye mashua bei maradufu, taslimu, mbele ya watu. Nikashusha pumzi, naye akaisikia pumzi ile. Akasimama wima, mikono ikiwa na magamba. "Kama ulitaka kuuliza," akasema, "ungeniuliza karo yako ya kidato cha kwanza ilitoka wapi."

Kidato cha kwanza niliingia mwaka 2014. Mashua ilinunuliwa mwaka 2015.

Sijui niseme nini juu ya aya hiyo fupi, nami nimeiandika mara nyingi nikaifuta. Nilikuwa nimesoma riwaya na tamthilia nyingi zilizomjadili mwanamke, nikazifanyia uhakiki na kupata alama nzuri. Siku ile nilikunja mkeka nikaenda kukaa kando ya dumu la kunawia, nikalikanyaga kijiti mpaka maji yakaisha.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi, ingawa kwangu una machache ya kusimulia. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya dawa za ukimwi ilikwama bandarini Mombasa kwa sababu ya mvutano juu ya kodi, na mama akawa anapewa dawa za siku chache chache, kila safari nauli. Mwezi Mei aina ya virusi vya korona iliyotambuliwa kwanza India ilithibitishwa kufika Kisumu. Mnamo Juni kaunti kumi na tatu za magharibi, ya kwetu ikiwamo, zikarudishiwa kafyu ya saa moja jioni, na maziko yakawekewa masharti: yafanyike ndani ya saa 72, watu wasizidi hamsini.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliugua kifua siku tisa akaaga dunia katika kipindi hicho. Alikuwa mvuvi tangu ujana. Kwa Mjaluo, kumzika mtu mzima ndani ya siku tatu, bila mkesha, bila ng'ombe kukimbizwa na mauti kufukuzwa katika tero buru, ni kama kumsindikiza mgeni hadi mlangoni tu na kumfungia nje. Langoni alisimama kijana mwenye orodha ya majina hamsini. Mimi nilikuwa wa thelathini na nane. Wavuvi aliovua nao miaka ishirini hawakuwamo, na hawakugombana na yeyote. Walisukuma mashua zao majini, wakaja kuzipanga usawa wa boma, hatua kama mia kutoka ufuoni, wakakaa humo kwa umbali uliozidi mita zote za maagizo. Jeneza liliposhushwa walianza kugonga mbavu za mashua kwa kafi, polepole, wote kwa pamoja. Mhubiri alinyamaza kuwasubiri. Askari aliyekuwapo alivua kofia.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kuwa watu wetu walikuwa wakaidi wa kanuni za afya, mimi humkumbuka yule kijana wa orodha na wale wanaume wa majini. Kanuni walizifuata. Kilichowaka mioyoni ni kwamba hakuna aliyewashauri namna ya kuzifuata, na ilipofika zamu yao kubuni, walibuni kitu chema kuliko orodha.

Mama alichanjwa mwaka huo huo, akiwa wa nne katika foleni. Alisema sindano moja si kitu kwa mtu aliyemeza vidonge elfu kadhaa. Januari 2022 chama kilifufuliwa kwa mchango wa shilingi mia mbili kwa juma. Wanachama walikuwa wanne wa zamani na wawili wapya, mmoja wao yule mwanamke wa leso. Mvuvi mwenye kichupa mfukoni ndiye aliyewatafutia fundi wa mashua, naye ndiye nahodha wao. Mashua iliingia majini Novemba ya mwaka huo. Ibada ya ukumbusho wa ami ilifanyika Desemba, siku mbili nzima, na ng'ombe walikimbizwa ipasavyo, japo kwa kuchelewa mwaka mmoja na nusu.

Nilikuwa nyumbani tarehe 31 Machi 2023, usiku wa mwisho kabla ya uvuvi wa omena kufungwa. Asubuhi yake mashua ilivutwa juu, mbali sana na maji, mbali kuliko zamani, ikapinduliwa na kufungwa kwa kamba kwenye mti. Wanawake sita wakaketi juu yake. Mama alifungua kopo la kakao, lakini si lile la dawa, jingine, akanipa noti nizihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Nilihesabu mara mbili. Wakagawanya kwa sita, kisha kwa minne, wakabishana kidogo juu ya bei ya unga wa mwezi Juni.

"Zinafika Julai," akasema mama, akafunga kopo. "Haya, ziwa lilale."